Maumivu ya Kusimuliwa

Keneuoe Phakisi alipoletwa huku kwetu milimani kujifunza udaktari wa familia, tulimpa miezi miwili. Si kwamba tulimchukia. Tulikwisha kuona wengi wa nyanda za chini wakija na masanduku ya magurudumu, magurudumu yakakwama kwenye mawe palepale waliposhukia, na mtu anayebeba kichwani sanduku lenye magurudumu anajulikana kuwa hajafika kwao. Alikuwa na miaka thelathini na mbili, mrefu, mwembamba, mwenye sauti ya chini, na alikuwa mwoga. Hilo silisemi kwa kumsengenya, mwenyewe alilijua. Alimwogopa farasi wa kituo, jike zee jeusi ambalo watoto wetu husinzia juu yake. Aliogopa mbwa, ukungu na daraja la magogo. Kuliko vyote, aliwaogopa wagonjwa.

Kwao Mafeteng, mji wa nyanda za chini, walidhani angekuwa daktari wa kupasua. Mjomba wake alipoambiwa kuwa ni udaktari wa familia, aliuliza, "Familia ya nani?" Alipoelezwa kuwa ni daktari wa kijijini anayetibu kila mtu, tangu mchanga hadi kikongwe, na kila ugonjwa, miaka nenda miaka rudi, mzee akatikisa kichwa. "Mtaka yote hukosa yote," akasema, akaendelea kula. Keneuoe alilibeba neno hilo mpaka huku juu.

Kituo chetu ni nyumba ya mawe yenye vyumba viwili vya kutibia, kistoo cha dawa na ukumbi mdogo wa mabenchi. Mwenyewe ni Ntate, yaani Baba, Ramakatsa, daktari aliyekaa hapa miaka ishirini na sita, hata anaowazalisha sasa ni watoto wa wale aliowazalisha mwanzo. Anasaidiwa na nesi 'M'e, yaani Mama, 'Mabatho, mnene mwenye ulimi wake. Chuo huwaleta wanafunzi kwa Ntate mmoja mmoja, wakae naye mwaka mzima, kwa sababu ana namna yake ya kufundisha ambayo haimo vitabuni.

Kila siku mlango ukishafungwa, Ntate huchemsha chai, akampa mwanafunzi kikombe, akamuuliza, "Leo unamwogopa nani?"

Siku ya kwanza Keneuoe hakuelewa. "Kumwogopa vipi, Ntate?"

"Kati ya wote waliopita hapa leo. Yupi ukimkumbuka tumbo linakukata? Sikuulizi unayemhurumia. Unayemwogopa."

Keneuoe akataja saba.

"Saba ni umati," Ntate akasema. "Anayewaogopa wote hamwoni hata mmoja. Nipe jina moja."

Jina hilo moja liliandikwa kwa penseli kwenye kalenda ya ukutani, na kesho yake, kabla mabenchi hayajajaa, kazi ya kwanza ilikuwa kwenda kumwona mwenye jina. Mara nyingi alikutwa mzima, anakula ugali kwa mboga, anashangaa daktari kafuata nini asubuhi yote hiyo. Mara mbili tatu hakukutwa mzima, na mtu akaokolewa. Basi Keneuoe akajifunza kuchagua. Woga uliokuwa wa kuchekwa kwao, hapa ulipewa kazi, naye akaanza kulala usingizi.

Lakini ulikuwepo woga mmoja ambao hakuwahi kumtajia Ntate, kwa kuwa haukuwa wa mgonjwa.

Alipokuwa na miaka kumi na tisa, dada yake alirudi nyumbani kwa wazazi wao kujifungua mtoto wa kwanza. Tete, bua jembamba la kando ya mto, likachomekwa juu ya mlango, kama ilivyo desturi, ili kila apitaye ajue humo mna mzazi na mtoto mchanga, asiingie mtu aliyetoka safari, wala aliyetoka msibani, wala mwenye miguu ya moto ya namna yoyote. Keneuoe alikuwa anatoka shule. Alishuka basi, njiani akapitia maziko ya mama wa rafiki yake, na kwa hamu ya kumwona mpwa wake akasahau yote, akaingia. Akampakata mtoto, akamnusa kichwa. Siku ya kumi na mbili tangu hapo mtoto akafa. Hakuna aliyemtaja Keneuoe kwa jina. Bibi mmoja tu alisema, kama anayezungumza na chungu, "Kuna aliyeingia na miguu ya moto." Dada yake alisikia. Alimtazama Keneuoe mara moja, akageuza uso, na tangu siku ile hakuwahi kumpa mtoto wake yeyote ampakate.

Keneuoe akaenda kusoma udaktari. Alijifunza habari za vitovu vinavyooza, homa za mapafu, damu iliyoingiwa na sumu, akafanya mitihani yake na kufaulu. Kichwa chake kiliamini yote. Miguu haikuamini. Kila ilipofika penye tete juu ya mlango ilisimama yenyewe, na siku hiyo hiyo akatafuta sababu ya kupita mbali. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Sasa ilikuwa Julai. Ntate alikuwa ameshuka nyanda za chini kusimamia mitihani ya chuo, na siku ya pili theluji ikaifunga njia. Keneuoe akabaki na 'M'e 'Mabatho. Siku ya tatu, alfajiri, aliitwa kwa Ntate Khosi, mzee wa moyo uliochoka, akamkuta ameshakata roho. Alimpima shingo, akamfumba macho, akakaa kidogo na wajane wake. Kwenye lango akanawa maji ya mshubiri pamoja na wengine, kama desturi ya msibani, akarudi kituoni.

Saa nne akaingia 'M'e 'Mamosele, mama wa ng'ambo ya mto, kajifunga blanketi mpaka puani.

"Mimi si mgonjwa, Dokta. Nimekuja na kichwa cha Tlaleng."

"Umekiweka wapi, 'M'e?" nesi akauliza. "Kwenye kikapu?"

"Kipo nyumbani kwenye mabega yake. Mimi nimebeba maumivu tu."

Wakacheka. Tlaleng ni kitinda mimba wake. Alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza katika hospitali ya wilaya, akarudi kwa mama, na leo ilikuwa siku ya tisa. Kwetu mzazi hatoki. Akiumwa kidogo, mama yake ndiye anayeubeba ugonjwa kwa maneno, akaupeleka kwa mganga au kwa daktari, akarudi na dawa. Ndivyo tulivyolelewa.

"Ana homa?" Keneuoe akauliza.

"Hana."

"Damu?"

"Kidogo tu, ya kawaida."

"Mtoto ananyonya?"

"Ananyonya kama ndama. Na mama yake anakula, mwanangu, uji mchachu bakuli mbili. Kanenepa mpaka pete imegoma, jana nimeitoa kwa sabuni." Mama akacheka kwa fahari. "Ila hicho kichwa. Halafu eti anaona nyota mchana. Nimemwambia ni moshi. Kaa ndani siku tisa na moto wa samadi uone kama hutaona nyota."

Keneuoe naye akacheka. Daktari mgeni, asiyejua hili wala lile, angesema twende nikamwone, na angeingia kwa viatu vyake bila kuuliza tete ni la nini. Huyu wetu alijua mno. Mikono iliyoandika dawa ilikuwa imemfumba marehemu macho asubuhi ileile, na wazo la kwenda hata halikumjia. 'M'e 'Mamosele aliitazama mikono hiyo.

"Nasikia umetoka kwa Ntate Khosi."

"Ndiyo, 'M'e."

"Pole, mwanangu." Na kwa pole hiyo wakawa wamekubaliana, bila kutamka, kwamba hakuna wa kwenda popote.

Alimpa vidonge vya maumivu, akamwambia kichwa kisipotulia kesho arudi. Mama akaondoka ameridhika.

Majira ya baridi tunafunga saa tisa, ili wagonjwa wafike kwao na jua. Keneuoe alikwenda nyuma ya kituo, kando ya tangi la maji, mahali pekee panaposhika simu, akampigia Ntate.

"Leo unamwogopa nani?" Ntate akauliza kutoka mbali.

"Ntate Pheko. Kifua."

"Umekisikiliza?"

"Mara mbili."

"Basi humwogopi sana. Nani mwingine alikuja?"

Akamtajia mmoja mmoja. Mguu, sikio, mtoto wa kuharisha. "Halafu 'M'e 'Mamosele alikuja na kichwa cha binti yake."

"Yule mzazi? Siku ya ngapi?"

"Ya tisa."

"Presha yake?"

Maji yalidondoka kwenye tangi.

"Sikumwona, Ntate. Nilisimuliwa."

"Ulisimuliwa nini tena?"

Akaanza kusema. Alisema mama kanenepa. Alisema pete imetolewa kwa sabuni. Alipofika kwenye nyota za mchana ulimi ulikuwa mzito, kwa sababu alikuwa akijisikia mwenyewe, na kila neno lilikuwa limetoka moja kwa moja kwenye ukurasa aliousoma mpaka ukachakaa. Kifafa cha mimba. Watu hudhani kinaondoka na kondo la nyuma. Hukaa kikavizia, siku mbili, siku kumi, na mama aliyevimba vidole, anayeumwa kichwa na kuona vimulimuli, ndiye kinayemtaka. Mtihani wa hilo alikuwa amepata alama zote. Leo alikuwa amelicheka.

"Nani alikuzuia kumwona?" Ntate akauliza.

Keneuoe akageuka kutazama ng'ambo ya mto.

"Keneuoe, mimi nimefungiwa na theluji. Chukua sanduku jeusi la dawa za dharura, nenda. Jibu langu utanipa baadaye."

'M'e 'Mabatho ndiye aliyetandika farasi na kumfunga Keneuoe blanketi kwa pini kubwa, kama anayemvisha mtoto. Ulimi wake ulikuwa umetulia.

"Lile tete utalifanyaje?"

"Sijui."

"Leo umeshika maiti. Kijiji kizima kinajua."

"Najua kwamba kinajua."

"Mtoto akikohoa tu mwezi huu, ni wewe."

"Nimesema najua, 'M'e."

Alipanda. Njia ya kuteremka mtoni ilikuwa imeganda, na farasi alikanyaga polepole. Keneuoe alishika manyoya ya shingo kwa mikono miwili. Aliogopa kuanguka, kisha akaogopa kuchelewa, kisha, na hii ndiyo aliyoionea aibu, aliogopa kuwahi. Akichelewa, Tlaleng angekufa kwa kosa la daktari. Akiwahi ingebidi aingie. Mlimani upande wa pili aliiona nyumba ya msonge, moshi ukitoka katika nyasi, na juu ya mlango lile tete lililochomekwa, jeupe kwa jua la jioni.

'M'e 'Mamosele alikuwa amesikia kwato. Alitoka, akaufunga mlango nyuma yake, akasimama mbele yake.

"Dokta. Kuna nini?"

"Nataka kumpima Tlaleng."

"Si umenipa dawa?"

"Nilikosea, 'M'e. Nilipaswa kuja mapema."

Mama alimtazama kuanzia viatu kwenda juu. "Mwanangu, umetoka kwa Ntate Khosi. Humu mna mtoto wa siku tisa. Wewe si Mzungu hata niseme hujui."

"Najua."

"Basi usiniombe hilo. Kesho mlete 'M'e 'Mabatho, yeye hakumshika maiti."

Kesho. Keneuoe alitaka kusema kwamba miguu haina moto, kwamba ni mambo ya zamani. Angeyasemaje? Hakuwa akiyaamini. Miguu yake yenyewe ilikuwa imesimama hatua sita kutoka mlangoni, na yeye hakuiamuru isimame.

"Mkono wake," akasema mwishowe. "Niletee mkono wake tu. Ning'iniza blanketi mlangoni, akae ndani, atoe mkono chini yake. Mimi nitabaki nje, sitavuka."

Mama akafikiri. Hapakuwa na desturi ya hilo, kwa hiyo hapakuwa pia na katazo. Akaingia. Baada ya muda blanketi likashuka mlangoni, na chini yake ukatoka mkono wa mwanamke kijana, umejaa, vidole vimetuna, alama ya pete bado iko.

Keneuoe akapiga magoti kwenye udongo baridi. Akaufunga mkono kipimo, akapampu.

"Tlaleng, unanisikia? Kichwa kikoje?"

"Kinapasuka, Dokta," sauti ikasema nyuma ya blanketi. "Na mama simwoni vizuri. Yuko nusu."

Mshale ukashuka. Mia na themanini kwa mia na ishirini. Akaanza kurudia, asiamini, na ndipo vidole vilivyokuwa vimelala mkononi mwake vikajikunja. Mkono ukakakamaa wote kama mpini. Kisha ukaanza kurukaruka.

Ndani 'M'e 'Mamosele akaita jina la mwanawe, mara moja, kwa sauti ya chini kabisa.

Watu wamemuuliza Keneuoe alijiambia nini pale. Hakujiambia kitu. Alikuwa ameshika mkono wa mtu anayekufa, mkono ulikuwa upande huu na mtu yuko upande ule, akaufuata. Blanketi lilimwangukia kichwani. Tete lilianguka pia, kwa kuwa alikuwa mrefu na hakuinama.

Alimlaza Tlaleng ubavu, akamshikilia kichwa mpaka mtukutiko ukapungua, akatafuta mshipa katika ule mwanga wa moto, akaukosa, akautafuta tena. Sindano ya kwanza ya dawa ya kifafa cha mimba ilikwenda polepole, akihesabu kwa sauti, kisha mbili kubwa, moja kila tako. Tlaleng alikoroma, akatulia. Pembeni, ndani ya ngozi ya kondoo, mtoto alikuwa macho, kimya, anautazama moto. Keneuoe alimwona, na hapo ndipo woga ulipomrudia wote kwa pamoja. Akanyanyuka atoke.

"Unakwenda wapi?" 'M'e 'Mamosele akauliza.

"Nje, 'M'e. Nimeingia, nisamehe, sasa natoka."

"Hutoki." Mama alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani, uso umemshuka. "Aliyeingia kaingia. Ukitoka na kurudi utaleta mengine ya huko nje. Utakaa humu nasi mpaka apone au afe."

Hakulisema kwa upendo. Lakini ndivyo ugonjwa wenyewe ulivyotaka, maana dawa ile hurudiwa kila baada ya saa nne, usiku na mchana, na kabla ya kila sindano lazima goti ligongwe kuona kama linaruka, maana likilala dawa imezidi. Keneuoe alikaa siku tatu ndani ya nyumba ile. Macho yalimvimba kwa moshi. Alikunywa uji wa mzazi, akagonga goti, akapima presha, ikashuka kidogo kidogo. Siku ya pili Tlaleng alimtambua mama yake mzima mzima, akaomba chumvi. Mtoto alipolia Keneuoe alijisogeza ukutani, na 'M'e 'Mamosele hakumwambia asogee karibu.

Njia ilipofunguka Ntate akarudi. Jioni yake akachemsha chai. Keneuoe hakungoja swali. Alimwambia nani alimzuia, akaeleza habari ya dada yake, yote, mpaka bibi aliyezungumza na chungu, akalia. Ntate alimsikiliza bila kumtuliza. Hakumwambia ni ushirikina. Naye ni Mosotho kama sisi, na tete la nyumba ya mke wake alikuwa amelichomeka mwenyewe.

"Kwa hiyo leo unamwogopa nani?"

"Mtoto wa Tlaleng."

Ntate akaandika.

Kesho yake Keneuoe alivuka mto, akasimama nje ya ua. Tete lilikuwa limerudishwa mahali pake. "'M'e," akaita, "mtoto hajambo?"

"Yupo," sauti ikajibu kutoka ndani. Basi.

Alikwenda kila asubuhi. Ntate hakumkataza, wala hakufuta jina lile kwenye kalenda. Kila asubuhi neno moja lilitoka nyumbani mle, yupo, na Keneuoe akageuza farasi, aliyekwisha kumzoea bila kutaka. Hakuwa amesamehewa, na hakutegemea. Alikuwa akihesabu. Tangu siku aliyoingia, ya tano, ya nane, ya kumi. Alikonda. Mabenchini watu walinong'ona kwamba Dokta ameingia kwa mzazi ametoka kwa maiti, tungoje tuone. Na tulingoja, sitawaficha. Hata sisi tuliompenda tulihesabu.

Siku ya kumi na mbili aliita, hakujibiwa.

"'M'e?"

Moshi haukutoka. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kamba kutoka nje. Tete halikuwepo. Alitazama juu ya mlango, akatazama chini kama limeanguka, akazunguka nyumba. Hapakuwa na mtu. Siku za tete zilikuwa hazijatimia hata kidogo, na tete haliondolewi kabla ya siku zake ila kama hakuna tena wa kulindwa. Hilo hata mtoto wa kwetu analijua.

Hakumbuki alivyoteremka mtoni. Alimwacha farasi kule amefungwa, akakimbia kwa miguu, akaanguka kwenye barafu, akavuka lile daraja la magogo bila kuliona. Alichowaza ni uso wa dada yake ukigeuka. Alifika kituoni pumzi imemwisha, akasukuma mlango.

Mabenchi yalikuwa yamejaa, na kimya. Katikati alikaa 'M'e 'Mamosele, aliyepita darajani wakati Dokta anavuka kivukoni na farasi, kifurushi mapajani, na kando yake Tlaleng amejifunga mablanketi mawili. Tete, limevunjwa vipande viwili, lilikuwa limelazwa juu ya kikapu chake. 'M'e 'Mabatho alisimama nyuma yao, mikono kifuani, amemkata jicho kila aliyetaka kusema neno.

"Usiku kucha anakoroma," 'M'e 'Mamosele akasema. Hakusalimia. "Nimetaka kuja kukueleza, nikaona hapana. Safari hii sikuja kusimulia, Dokta. Nimelivunja tete, nimemleta mwenyewe. Mtazame."

Kifurushi kikapiga chafya, kikaanza kulia kwa hasira.

Keneuoe alivuka ukumbi, mbele ya watu wote, akanyoosha mikono. 'M'e 'Mamosele akaigusa, na ghafla akamvuta mtoto nyuma, kifuani mwake.

Keneuoe akasimama. Alijua. Alikuwa ameyatarajia miaka kumi na mitatu, na bado yaliuma kuliko alivyojiandaa.

"Mikono barafu," mama akasema. "Kaipashe kwanza. Unataka kumuua mjukuu wangu kwa baridi?"

Alikwenda kwenye jiko la ukumbini, akaiweka mikono juu yake, mgongo kwa watu, mabega yakitikisika. Alikaa pale mpaka nesi akamwambia kwamba sasa inanuka nyama. Akarudi, akanyoosha mikono tena, akapewa.

Alimsikiliza kifua mbele, akamsikiliza nyuma. Kilikuwa safi. Ilikuwa pua tu, imezibwa na moshi na mafua madogo, matone mawili ya maji ya chumvi yakaifungua. Mtoto aliacha kulia, akashika kidole chake. Keneuoe alijua amekwisha mpima, na vyombo alikwisha viweka, na hakukuwa na sababu yoyote ya kidaktari ya kuendelea kukaa vile, amemlaza begani, pua kwenye nywele zake.

'M'e 'Mamosele alingoja. Akafunga kikapu, akafungua, akafunga tena.

"Haya nirudishie sasa, mwanangu," akasema. "Watu wanakungoja benchini."